Mwacheni Vasubandhu, jamani!

Najua mitihani iko mlangoni na wengi mmejichimbia maktaba, lakini hili jambo limenikaa kooni wiki nzima, na nisipolitoa hata kusoma sitasoma.

Kuna msemo unazagaa hapa chuoni: "Wabudha walishasema zamani, kila kitu ni akili tu." Nimeusikia kwenye semina, nimeusikia kwenye foleni ya wali maharage, na juzi nimeusikia kwa mhamasishaji mmoja aliyeletwa kutufundisha kujitambua. Huyu bwana alimsimamisha mwenzetu aliyekosa mkopo, akamwambia mbele ya ukumbi mzima kwamba tatizo haliko kwenye mkopo, liko kichwani mwake. Dunia ni mawazo yako, badili mawazo dunia itabadilika, hata Wabudha walilijua hilo. Makofi! Mwenzetu akakaa chini, na ada yake bado inadaiwa vilevile.

Upande wa pili wapo wajanja. Hawa ukiitaja tu hiyo falsafa wanakurukia: "Sawa, kama vitu havipo, kasimame katikati ya barabara uone kama daladala nayo ni mawazo." Wanacheka, wanagonga mikono, mjadala umeisha.

Mimi nasema makundi yote mawili yanamsingizia mtu. Na kwa kuwa mtu mwenyewe ni marehemu wa zaidi ya miaka 1,500 na hawezi kuja kujitetea, acha nimtetee mimi, ingawa mbele ya safari nitamgeuka kidogo.

Anaitwa Vasubandhu. Alizaliwa Purushapura, mji ambao leo ni Peshawar huko Pakistan, karne ya 4 au ya 5, wataalamu wanavutana mpaka leo. Kabla ya haya tunayoyajadili alishaandika kitabu kikubwa, Abhidharmakosha, kinachochambua mafundisho ya Wabudha waliokubali bila shida kwamba vitu vya nje vipo. Mapokeo yanasema ni kaka yake, Asanga, aliyemvuta kwenda kwenye shule ya Yogachara. Huko akaandika vijitabu viwili vifupi ajabu. Trimshika ina beti 30. Vimshatika, ndiyo inayotuhusu leo, jina lake maana yake ni ishirini, japo ukihesabu beti unakuta 22, pamoja na maelezo yake mwenyewe. Ni kifupi kuliko vitini vingi tunavyogawiwa. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa muda wa kusoma sikipokei. Kuna mtawa wa Kichina, Xuanzang, aliyeondoka kwao mwaka 629 akatembea mpaka India, akasoma falsafa hii Nalanda kwa mwalimu Shilabhadra, akarudi mwaka 645 na mizigo ya vitabu, na mwaka 661 akakitafsiri hiki hiki. Mtu miaka 16 yuko njiani. Wewe kupanda ghorofa ya pili ya maktaba umeshindwa.

Kitabu kinaanza na mgonjwa wa macho. Anaona nywele zinaelea mbele yake, au anaona miezi miwili. Nywele hazipo, lakini kuona kupo. Ukilielewa hili umeshapata nusu ya hoja: kitu kinaweza kuonekana bila kuwepo huko nje kitu kinacholingana nacho. Vasubandhu anasema hivyo ndivyo ilivyo kwa vyote tunavyodhani viko nje yetu. Kinachotufikia ni fahamu inayojitokeza kwa sura ya kitu. Sasa soma polepole. Hajasema hakuna chochote. Hajasema unaibuni dunia upendavyo. Amesema tulichonacho mkononi ni mwonekano, na huko kudai kwamba nyuma ya mwonekano kuna kitu kinachojitegemea ni nyongeza tuliyoitia sisi.

Tuanze na wazee wa daladala. Kwanza hoja si yenu. Mwaka 1763 Mwingereza Samuel Johnson alipiga teke jiwe kubwa kwa nguvu zake zote ili kumkanusha Berkeley, askofu wa Ireland aliyefundisha mambo yanayokaribiana na haya. Mguu ukadunda, mzee akaridhika. Shida ni kwamba Berkeley hakuwahi kusema mguu hautauma. Maumivu ni kitu cha fahamu! Ukigongwa na daladala utakachokipata ni kishindo, maumivu, halafu giza, na vyote hivyo ni vya ndani. Umempelekea mpinzani wako ushahidi wake mwenyewe mpaka mlangoni.

Pili, Vasubandhu aliwajibu zamani sana, na tena aliipanga hoja yenu vizuri kuliko mnavyoipanga nyinyi. Katika ubeti wa 2 anajiuliza hivi: kama hakuna vitu vya nje, mbona kitu kinaonekana mahali fulani na si kila mahali? Mbona kinaonekana wakati fulani na si kila wakati? Mbona kila aliyepo hapo anakiona, si mtu mmoja peke yake kama yule wa nywele? Na mbona vitu vinafanya kazi, wakati chakula cha ndotoni hakishibishi na sumu ya ndotoni haiui?

Hayo ndiyo maswali ya mtu anayejua kubishana. Majibu yake sasa. Mahali na wakati: hata ndotoni huoni kila kitu kila mahali, unaona kijiji pale, bustani pale, saa hii na si saa ile, na hakuna kijiji wala bustani. Kufanya kazi: hapa mzee hana aibu, anatoa mfano wa ndoto ile ambayo mwanamume anaamka shuka limelowa. Hakuwepo mwenzake, lakini matokeo yapo. (Wa hosteli za wavulana msijifanye hamjui.) Nilishuhudia semina nzima ikiuruka mstari huo kwa heshima zake, lakini kwangu ndio mfano bora wa majibu yote, kwa sababu unahitaji kosa moja tu la sheria "kisichopo hakifanyi kazi" ili sheria ianguke.

Kuhusu wengi kuona kitu kimoja anatoa mfano wa preta, yaani roho zenye njaa katika mafundisho ya Kibudha. Zote kwa pamoja, si mmoja mmoja, zinauona mto umejaa usaha na uchafu, unalindwa na watu wenye fimbo na mapanga, kwa sababu matendo yao ya nyuma yanafanana. Mfano huu kwetu hauna nguvu sana, tuseme ukweli. Alikuwa anawaandikia watu ambao tayari wanakubali kwamba preta wapo. Lakini wekeni alama hapo, tutamrudia preta.

Sasa njooni kwenye sehemu ninayoipenda, ile ya chembe. Vasubandhu anageuza kibao: nyie mnaosema vitu vya nje vipo, niambieni basi hicho kitu ni nini. Ni kizima kimoja, mbali na sehemu zake? Hakuna aliyewahi kuona meza kando ya miguu yake, mbao zake na misumari yake. Ni chembe moja moja, basi? Hakuna anayeona chembe moja moja. Ni chembe zilizoungana? Haya, ziunganishe tuone.

Chukua chembe moja, iweke katikati. Chembe kwa maana ya enzi zile ni kitu kidogo kabisa kisicho na sehemu ndani yake. Izungushie sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, juu, chini. Upande wake unaogusana na ya mashariki ndio huo huo unaogusana na ya magharibi? Ukisema si huo huo, basi chembe yako ina pande sita, ina sehemu, si chembe tena. Ukisema haina pande, basi zote sita zimekaa mahali pamoja na ile ya katikati, na rundo la saba halizidi ukubwa wa moja. Hata urundike ngapi, mlima mzima utakuwa na ukubwa wa chembe moja. Halafu anaongeza la kivuli: asubuhi jua likichomoza, upande mmoja wa kitu una mwanga na wa pili una giza. Kitu kisicho na upande kitaweka wapi kivuli? Na kitazuia vipi kingine kisipite?

Nimekaa na hoja hii siku nyingi na bado inanisumbua. Rafiki zangu wa fizikia wanasema imepitwa na wakati, kwa sababu elektroni iligunduliwa 1897 na kiini cha atomu 1911, kwa hiyo atomu ina sehemu na tatizo limekwisha. Halijakwisha, limesogezwa chini tu. Hizo sehemu nazo zina sehemu au hazina? Fizikia ya leo inaihesabu elektroni kama nukta, haijapatikana na ukubwa wowote, na ugumu wa meza hautokani na vijiwe kugusana bali na nguvu za umeme pamoja na kanuni aliyoitoa Pauli mwaka 1925. Yaani walichokifanya ni kuacha kabisa ile picha ya vijiwe vidogo vinavyoshikana. Vasubandhu aliipiga picha hiyo, na picha hiyo kweli imekufa. Je, hiyo inathibitisha kwamba ni fahamu tu? Hapana! Inawezekana nje kuna kitu cha aina nyingine ambacho yeye hakukiwaza. Na tafadhali msiniletee habari kwamba kwanta imethibitisha Ubudha. Hizo ni bidhaa za duka lile lile la mhamasishaji.

Naam, mhamasishaji. Huyu ananiuma zaidi kuliko wa daladala, maana wa daladala anakosea hoja, huyu anatumia jina la watu kuwakandamiza wenye shida.

Katika Yogachara akili si kifaa chako cha kuendeshea dunia. Wao wanahesabu fahamu nane. Tano ni za milango ya hisia, ya sita ni ile ya kuwaza, na ya nane ndiyo ghala, alaya, inayohifadhi mbegu za kila tendo na kila mazoea. Mbegu zikiiva zinachipua kuwa hii dunia inayoonekana. Hukuzichagua kwa matakwa ya asubuhi ya leo, na huzing'oi kwa kujitazama kwenye kioo ukisema "mimi ni mshindi". Halafu kuna ile ya saba. Kazi yake ni kuliangalia ghala na kung'ang'ania kwamba hilo ndilo "mimi". Kwa Vasubandhu huo ndio ugonjwa. Anapoviondoa vitu vya nje anamwondoa na yule wa ndani anayevishika. Mshikaji na kinachoshikwa vinaanguka pamoja. Sasa mhamasishaji anafanya nini? Anaondoa vitu vya nje, anambakiza Mimi, tena anamnenepesha, halafu anamwahidi gari. Kachukua nusu ya dawa akachanganya na ugonjwa wenyewe.

Turudi kwa preta. Mto wa usaha hauko "nje", sawa. Lakini je, preta akiwaza mawazo mazuri anakunywa maji safi? Wapi! Haponi kwa kuwaza. Kusema jambo ni la fahamu si kusema ni jepesi, wala si kusema liko chini ya amri yako. Mapokeo yao yanasema safari ya bodhisattva mpaka mwisho inachukua kalpa tatu zisizohesabika. Huyu wa kwetu alihitaji saa mbili na kipaza sauti.

Na la mwisho kuhusu huyu, ndilo lililonifanya niandike. Kuna mtu anamuuliza Vasubandhu, ndani ya kitabu: kama kila kitu ni fahamu na hakuna miili, basi mchinjaji akichinja kondoo, kondoo anakufaje? Na mchinjaji ana hatia gani? Angekuwa mtu wa "yote yako kichwani mwako" angejibu kwamba kondoo alijichinja kwa mawazo hasi. Yeye anajibu kwamba fahamu moja inaathiri nyingine. Kifo ni badiliko linaloletwa na fahamu ya mwingine. Anakumbusha habari ya msitu wa Dandaka na ile ya Matanga na Kalinga, iliyobaki mitupu kwa hasira ya wenye hekima wa kale, na jinsi Buddha alivyomwuliza Upali kuhusu misitu hiyo ili kuonyesha kwamba dhuluma ya moyoni ndiyo nzito kuliko ya mwili na ya mdomo. Anaeleza hata kwa nini tendo la ndotoni halilipwi sawa na la macho: usingizini akili imelemewa, ukiwa macho huna kisingizio hicho.

Mmeona alikotufikisha? Ukiondoa vitu vya nje kwa njia yake, wenzako hawaondoki. Wanabaki, na wanabaki na hatia zao. Mtu akinyimwa haki yake, upande wa pili kuna fahamu ya mtu aliyeamua kumnyima, au aliyelala juu ya faili. Falsafa hii inazidisha lawama kwa mwenye dhamira mbaya, haiifuti. Halafu mtu anaisimamisha jukwaani ili kumwambia aliyenyimwa kwamba ajichunguze mwenyewe.

Najua mtakachonijibu: karma je? Si ndiyo hiyo hiyo ya kumwambia preta kwamba usaha ni wa kujitakia? Hapo mko sahihi kunibana, na hapo ndipo ninapomwacha Vasubandhu aende zake. Mafundisho ya karma yanaweza kutumika kumwambia maskini anyamaze, na mahali pengi yametumika hivyo. Lakini hoja ya chembe haiihitaji karma, wala ile ya shuka. Unaweza kuzichukua hizo ukaiacha ile.

Pigo lake kubwa ni jingine, na wanaotaka kumpinga nawashauri wapigie hapo. Kama sababu ya kuikataa meza ni kwamba naipata kama mwonekano tu, na wewe rafiki yangu nakupata vipi? Sauti, sura, jasho la foleni. Mwonekano. Sasa kwa nini meza ianguke wewe ubaki? Wenyewe waliliona. Karne ya 7 Dharmakirti aliandika kijitabu kizima kuthibitisha kwamba fahamu za wengine zipo: naona matendo kwangu yanatanguliwa na nia, nikiona matendo ambayo hayakutoka kwenye nia yangu nahitimisha kuna nia nyingine. Karne ya 11 Mbudha mwenzake, Ratnakirti, akaandika kingine kuonyesha kwamba katika ngazi ya juu kabisa ya ukweli hoja hiyo haisimami. Katikati yao, karne ya 8, Shubhagupta, naye Mbudha, alikuwa ameshaandika kutetea vitu vya nje. Na Chandrakirti wa karne ya 7 aliuliza swali rahisi linalokera: kama vitu havina uhalisi wake, akili imepata wapi ruhusa ya kuwa nao? Nje ya Ubudha Kumarila na Shankara nao walishuka uwanjani, Shankara akisema tunachokiona ni nguzo, hakuna mtu anayeona "kuona nguzo". Kwa hiyo anayesema huko kulikuwa na dini tu na hakukuwa na falsafa, sijui anataka mabishano ya kiasi gani ndipo aridhike.

Hata hawa wa zama zetu hawajamalizana. Dan Lusthaus katika kitabu chake cha 2002 anasema Yogachara hawakanushi vitu vya nje hata kidogo, wanachunguza tu jinsi tunavyovishika. Lambert Schmithausen akamjibu mwaka 2005 kwamba maandiko yenyewe yanakanusha waziwazi. Mimi niko na Schmithausen. Ukisoma ile ya chembe sita huwezi kusema mtu huyu alikuwa anatania.

Kwangu mimi swali la fahamu za wengine ndilo lililonifunga. Natamani Dharmakirti ashinde, naona Ratnakirti anashinda, na nikiona hivyo namwelewa Shubhagupta aliyeamua bora virudi vyote, meza na watu.

Nakala iko maktaba, tafsiri ya Kiingereza, nimeirudisha jana. Mwenye jibu la chembe sita anikute kantini saa kumi jioni. Chai juu yangu, andazi ajinunulie.